Kiti cha Kilo Mia

Siku Mama Ekila alipochaguliwa kuwa rais wa chama cha Muziki Bozito, vigelegele vilipanda mpaka majirani wa mtaa wa Bandal wakatoka nje kuuliza ni harusi ya nani. Mama Bolumbu alipiga vyake kwa nguvu kuliko wote. Ekila alikuwa shoga yake wa zamani, tangu enzi wakikaanga maandazi kwenye kona moja, wembamba wote wawili kama vijiti vya kuchokolea meno. Kisha Bolumbu akainuka kwenda kumfunga rais mpya mshipi wa heshima kiunoni, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Mkono ukazama kwenye kitenge. Chini ya kitenge ukakuta kitenge. Chini ya hicho, kingine. Mwili ulikuja kupatikana mbali huko ndani, na Bolumbu akajikuta ameshika mshipi huku kigelegele kimemkauka mdomoni.

"Funga, dada," Ekila alinong'ona, meno yote nje akiwachekea watu. "Funga, wanatutazama."

Akafunga.

Muziki Bozito ni chama cha wanawake wanene, na hakioni haya kusema hivyo. Katiba yake inaanza hapo hapo: mwanachama ni mwanamke mwenye kilo mia kwenda juu, na aliyepungua hashiki cheo. Wanazikana, wanaozeshana watoto, wanashona sare ya kitenge kimoja, na wakiingia ukumbini hata mpiga gitaa husahau wimbo ulipofikia. Msiwacheke. Kinshasa mtu akinenepa hupongezwa usoni, na akikonda haulizwi kitu. Watu huulizana wao kwa wao, na jibu huwa moja tu, ule ugonjwa ambao hata waliouzoea hawautaji kwa jina.

Wakati wa kura hawapimani, macho yanatosha. Lakini rais hakalii kiti chake mpaka apimwe mbele ya wageni. Mwenye ghala la unga huwaazima mizani yake kubwa ya boriti. Upande mmoja huning'inizwa magunia mawili ya unga wa muhogo, ya kilo hamsini hamsini, na upande wa pili hufungwa kiti. Rais huketi, magunia hupaa, ngoma hulipuka. Kabla ya hapo Mama wa Nidhamu huingia naye chumbani, humkagua asije akawa ameficha kitu nguoni, kisha hutoka na kupaza sauti, "Ni mwili mtupu!" Ukumbi mzima huitikia, "Kiti ni chake!" Mama wa Nidhamu alikuwa Bolumbu. Neno lile lilikuwa la kinywa chake, na pasipo neno lile hakuna rais.

Sherehe ilipangwa mwisho wa mwezi.

Kesho yake asubuhi Bolumbu alikwenda kwa Ekila. Ekila ana mgahawa wa mabati kando ya barabara, wa aina ile wanayoiita malewa, na kisamvu chake cha mawese huwapindisha njia madereva wa teksi. Wateja walikuwa hawajaanza kufika. Alikuwa akisugua sufuria, amevaa gauni la nyumbani tu, na ndipo Bolumbu akamwona alivyo. Mifupa ya shingo ilikuwa nje. Ngozi ya mikono ilimlegea kama soksi iliyokatika mpira.

"Usinitazame hivyo," Ekila akasema bila kugeuka. "Sijafa."

"Umebaki na kilo ngapi?"

"Karibu, mama. Umeamkaje? Mimi nimeamka salama, asante kwa kuniuliza."

"Ekila!"

"Themanini na tatu."

Bolumbu akaketi kwenye benchi, na benchi likalalamika.

"Ni sukari," Ekila akasema. Sasa aliongea haraka, kama anayetua mzigo. "Daktari aliniambia, mama, chagua, unene au mguu. Kidonda kilikuwa hakifungi. Nikaacha ugali wa fufu wa jioni, nikaacha soda, nikameza dawa. Kidonda kikafunga. Napanda ngazi bila kusimama njiani, dada! Nimepona. Ila nimepona vibaya, nimepona mpaka nimekonda."

"Sasa ulikubali vipi kugombea?"

"Ningekataa kwa kisingizio gani? Mwanamke wa Bozito akatae urais! Wangeulizana kwa nini, na jibu unajua wangelipata wapi. Mimi ni mpishi, Bolumbu. Nani atakula mkononi mwa mpishi anayeyeyuka? Siku wakisema Ekila anao ule ugonjwa, kwenye masufuria haya nitapika upepo. Na watoto wangu watatu baba yao yuko kaburini."

"Waambie ni sukari."

"Wenye ugonjwa ule nao husema ni sukari. Mama Ngalula alipokuwa akikonda akasema ni sukari, wewe ulisema nini?"

Bolumbu alikuwa amesema kama wote walivyosema, tena kwa kicheko.

Ekila akaja akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Chumbani tutakuwa wawili tu. Sema neno lako, basi. Kupaa kwa magunia niachie mimi. Nitajua cha kujifunga."

Bolumbu huyu ndiye aliyewahi kumtoza faini mkwe wake mwenyewe kwa kuchelewa msibani, na marehemu alikuwa mjomba wa mkwe huyo. Kusema uongo mbele ya mizani ilikuwa kwake sawa na kutemea chungu cha wageni. Lakini alikuwa pia amemzika dada yake, Nsona, kwa sukari hiyo hiyo. Nsona alisifiwa mashavu mpaka wiki ya mwisho. Alikuwa akinywa maji ndoo nzima na pumzi yake inanuka utamu, na watu wanasema, tazameni alivyonawiri. Bolumbu alimtazama shoga yake aliyekuwa hai, mwenye kidonda kilichofunga, akaona uongo mmoja si ghali sana.

"Nitasema," akamwambia. "Lakini niapie. Nguo jaza utakavyo. Mwili usiujaze. Dawa usiiache hata siku moja."

"Naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Mume wako alikuwa mwongo."

"Basi naapa kwa la mama," akasema Ekila, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Aliyeshika nafasi ya pili katika kura alikuwa Mama Odette, muuza vitenge wa soko kuu, mnene wa haki, mtu anayeweza kukutazama tu akakwambia umevaa yadi ngapi. Kwenye kikao cha maandalizi alisimama akijipepea.

"Rais wetu siku hizi anavaa duka zima," akasema. "Mimi kama muuzaji nafurahi. Kama mwanachama nauliza tu. Mama wa Nidhamu huingia chumbani peke yake, hiyo imeandikwa wapi?"

"Palepale palipoandikwa kwamba walioshindwa hawaingii," Bolumbu akajibu, na wenzake wakaangua kicheko. Ekila alicheka kupita wote.

Odette hakukasirika. Akangoja kicheko kiishe. "Sawa. Tutangoja nje. Ila siku hiyo mshipi wa rais nitaufunga mimi, mbele ya watu, kwa mikono yangu. Hiyo nayo mtanikatalia?" Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkatalia. "Na tukumbushane, jamani. Mama wa Nidhamu akisema neno la uongo, katiba inamfanya nini?"

"Anafukuzwa," wakajibu. "Yeye na aliyemsemea."

Bolumbu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na hofu. Ekila alirudi kwake akiwa na hofu kubwa zaidi, maana alijua mikono ya Odette. Mikono ile ingetofautisha mchanga ulioshonewa nguoni na nyama kabla fundo halijakazwa. Kiunoni pangehitajika nyama ya kweli.

Zilipobaki siku chache, Bolumbu alipita kwenye mgahawa bila kutoa taarifa. Watoto wakamwambia mama yuko nyuma. Akamkuta amekaa nyuma ya mabati, mbele yake mlima wa fufu, samaki wa kukaanga, na chupa za soda zimesimama mguuni kama kuku wanaongoja makombo. Alikuwa akila huku analia. Akimeza tonge anafuta machozi, akifuta anachukua jingine.

"Uliapa nini?" Bolumbu akauliza.

"Siku chache tu."

"Dawa?"

Ekila akavuta chupa ya soda.

"Dawa iko wapi, Ekila?"

"Dawa inanikondesha! Nikishakalia kile kiti nitairudia. Nitarudi kula majani kama mbuzi, nakuahidi. Niachie siku hizi chache."

Bolumbu aliipiga teke sahani ile. Fufu ikabingirika mavumbini. Hakuwahi kupoteza chakula maishani mwake, na mguu wenyewe ulimshangaza.

Ekila akainuka taratibu, akishika ukuta. "Wewe unaongea kwa sababu umeshiba na hakuna anayekuuliza kitu. Wewe unanenepa kwa kupumua tu! Kwa nini isiwe wewe? Kwa nini sukari ikanichagua mimi?" Akamnyooshea kidole barabarani. "Toka kwangu. Siku hiyo njoo useme neno lako, halafu tutaonana."

Bolumbu angeweza kwenda kuwaambia wenzao siku hiyo hiyo. Hakwenda. Alijiambia siku chache si kitu, mtu hafi kwa siku chache, ingawa kwa Nsona alikuwa ameona vingine.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Vyama vingine sita vilialikwa, kila kimoja na sare yake na kikombe chake, kwa kuwa desturi ni rais mpya anywe kikombe cha kila mgeni, bia au soda, mpaka tone la mwisho. Mizani ilisimama katikati. Magunia mawili yalikuwa yamekaa sakafuni yamenenepa, na kiti cha upande wa pili kilining'inia juu kitupu, kinazunguka polepole.

Chumbani, kati ya makreti ya bia, Ekila aliketi akinywa maji. Alimaliza chupa, akachukua nyingine. Poda ilikuwa imempasuka midomoni. Amejaa kidogo, kweli, mashavu yamerudi, na kiuno kilikuwa na kitu cha kushika. Bolumbu akampapasa mapaja kama kazi ilivyotaka, akakuta mifuko ya mchanga imeshonewa kwa ndani, chini mikono ya Odette isikofika. Hilo walikubaliana.

"Jua kali leo," Ekila akasema, akihema kama aliyekuja mbio.

Akainama kumkumbatia, na pumzi yake ikampiga Bolumbu usoni. Ilikuwa tamu. Ilinuka kama nanasi lililosahauliwa ndani ya kikapu. Bolumbu akaijua. Alikuwa amelala pembeni ya harufu ile wiki nzima, chumbani mwa dada yake, na wiki ilipoisha akavaa nyeusi.

"Twende hospitali," akasema. "Sasa hivi. Kuna mlango wa nyuma."

"Baada ya kiti."

"Baada ya kiti kuna vikombe sita!"

"Nitavinywa. Halafu nitakwenda, kwa miguu yangu, wewe ukinishika mkono." Nje ngoma zilikuwa zimeanza, na mtu akagonga mlango akiuliza kama wamelala humo. Ekila akamshika uso kwa mikono miwili, mikono ya moto. "Dada. Nimewahi kukuomba nini mimi? Ulipoachwa nilikuomba kitu? Mwanao alipougua nilikuomba kitu? Neno moja. Litamke tu."

Ilikuwa kweli, na Bolumbu alitoka chumbani mle akiwa nalo neno hilo mdomoni. Ukumbi ukanyamaza. Aliona kina mama wamevuta pumzi tayari kuitikia. Aliona Odette mstari wa mbele, mshipi umelala mapajani. Aliona vikombe sita mezani, vimejaa hadi ukingoni.

"Ni..." akaanza.

Akavitazama tena vikombe.

"Si mwili mtupu," akasema Bolumbu. Haikusikika vizuri, kwa hiyo akairudia kwa sauti yake yote. "Si mwili mtupu! Mama Ekila hana kilo mia. Hakuwa nazo hata siku ya kura, na asiyestahili kuchaguliwa hakuchaguliwa. Kura ile ni bure. Kiti kiko wazi, na leo hakuna anayepimwa hapa wala anayekunywa."

Kelele ilipanda kama mafuta yaliyomwagikiwa maji. Katikati ya kelele hiyo Odette alishasimama, ameshika mshipi, anaelekea kwenye mizani.

"Basi anayefuata ni mimi."

"Kaa chini."

"Nilikuwa wa pili!"

"Wa pili ni jina zuri la kushindwa. Ulishindwa na mtu asiyestahili, mama, lakini umeshindwa. Kura itapigwa upya."

Hata wageni walicheka. Na hapo, kutoka nyuma, sauti ya mtu asiyejulikana ikatamka kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho ulimini. "Si mnaona? Anao!" Kicheko kikakatika. Waliokuwa karibu na mlango wa chumbani wakavuta viti vyao, taratibu, huku wakijifanya wanatengeneza vitenge.

Ekila alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akatembea mpaka kwenye mizani, akashika kile kiti kitupu asipepesuke, akaingiza mkono chini ya nguo na kuanza kung'oa mifuko. Mchanga ukamwagika sakafuni. Akafungua kitenge cha kwanza, akakitupa. Cha pili. Cha tatu. Akabaki na gauni jembamba na mwili wake uliopungua, mbele ya watu wote wale, na Bolumbu akatamani ardhi impokee yeye.

"Tazameni vizuri," Ekila akasema. "Leo hakuna kiingilio. Ni sukari. Asiyeamini twende naye hospitali sasa hivi, tupimwe damu wote wawili. Ila yeye aanze."

Hakuna aliyeinuka. Wengine walitazama dari.

Bolumbu akamsogelea, akanyoosha mkono. Ekila akauangalia ule mkono kama takataka.

"Si wewe," akasema. "Aniguse mwingine yeyote. Nilikuomba neno moja."

Ndipo Ekila akaanza kuanguka. Bolumbu alimdaka kabla hajafika sakafuni, na kwa mara ya kwanza akaujua uzito wake hasa, akashangaa jinsi ulivyokuwa mdogo. Akambeba mpaka barabarani yeye na dereva mmoja mpenda kisamvu. Ndani ya teksi Ekila alimtukana njia nzima, kwanza kwa maneno, kisha kwa nusu maneno, mwishowe kwa uzi mwembamba wa sauti usio na maana, na uzi huo nao ukakatika kabla ya lango la hospitali. Madaktari walimchukua kwenye machela. Bolumbu hakumwona tena siku hiyo. Siku ya kwanza alipokwenda kumtazama, muuguzi alitoka kumwambia mgonjwa amezinduka, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba huyo mama asiingie.

Chama kilipiga kura upya. Alishinda Mama Sidonie, mpole, mwenye kilo za kutosha marais wawili, na magunia yakaruka nusura yavunje taa. Odette akawa wa pili. Katiba haikuguswa hata herufi. Ekila jina lake likafutwa, kwa kuwa kilo mia ni kilo mia, na Bolumbu akavuliwa cheo cha Mama wa Nidhamu kwa kujua tangu siku ya kura akanyamaza. Hakujitetea. Alirudisha filimbi ya vikao na kwenda nyumbani, na nyumbani hapakuwa na wa kumhadithia, maana wa kumhadithia mambo kama hayo alikuwa Ekila.

Habari zilimfikia kwa watu. Amerudi. Anapika. Wateja wengine wamemkimbia, wengine walikimbia wakarudi, kisamvu hakina mpinzani. Bolumbu alivumilia kadiri alivyoweza, kisha siku moja mchana akapita upande wa pili wa barabara, akijisemea anakwenda kununua chumvi.

"Wewe!"

Bolumbu akasimama.

Ekila alikuwa ametoka mpaka ukingoni mwa barabara, mwiko mkononi, madereva wote wameacha kula. "Ndiyo, wewe! Msaliti wewe! Unapita kwangu unatafuta nini, umekuja kunipima tena? Umesahau mizani yako? Neno moja nilikuomba ukatoa hotuba! Mdomo kama mlango wa kanisa, wazi Jumapili nzima! Usinunue kwangu, usipite kwangu, na siku nikifa usinililie, nimesema, nitaamka jenezani nikufukuze!"

Sauti ile, iliyokatika kama uzi ndani ya teksi, sasa ilivuka magari, ikavuka honi, ikafika hadi kwa muuza mkaa wa kona ya mbali, aliyesimama kutazama. Bolumbu machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alisimama juani akayapokea matusi yote, moja baada ya jingine, na Ekila aliponyamaza kuvuta pumzi, akaomba kimoyomoyo aendelee.